Kete Nyeusi kwa Delbert Kratz

Jumatatu, 4 Machi 1957
Balaa! Jirani yangu Delbert Kratz ameomba kujiunga na chama chetu, Udugu wa Korongo. Samaki wake wa kukaanga wanasifiwa hadi mji wa pili. Na nani hukaanga samaki wa Ijumaa za Kwaresima pale ukumbini? Mimi! Akiingia huyu, karai langu limekwenda. Nimejipachika kwenye kamati ya kumchunguza. Mke wangu Arlys kauliza kama nina homa, maana sijawahi kujitolea kwa lolote.

Jumanne, 5 Machi
Kamati tumekwenda kwake kuangalia nyumba na tabia, kama desturi. Nikamwuliza kama ni mlevi, mgomvi, mwongo. Hapana, hapana, hapana. Inakera! Mkewe kaleta samaki. Nilikula ili nipate ushahidi. Haukutosha, nikaongeza. Wenzangu wamenicheka njia nzima, eti mchunguzi kafuta sahani kwa mkate.

Jumatano, 6 Machi
Wazo! Kura yetu ni ya siri. Unatia mkono sandukuni: gololi nyeupe ni kumkubali mtu, kete nyeusi ni kumkataa, na kete moja tu inamfukuza. Nimefanya mazoezi jikoni nimefumba macho, kwa mayai na vipande vya sukari. Arlys kasema nikivunja yai jingine nihamie bandani. Tena nisisahau kwamba mdogo wake, Lyle, naye anapigiwa kura kesho. Nisahau vipi? Nimempendekeza mwenyewe. Shemeji yangu kipenzi!

Alhamisi, 7 Machi
Nilikaa nikipasha vidole joto mfukoni, namwaza Delbert tu. Sanduku likafika. Nikatia kete. Raha ilioje! Mwenyekiti akafungua, uso ukamsawijika, akatangaza kwamba kuna kete moja dhidi ya Lyle.

Lyle! Kumbe walianza na Lyle!

Nikajiona tayari nalala bandani. Lakini mwenyekiti akakumbusha desturi: kete ikiwa moja, kura hurudiwa papo hapo kabla ya mtu kukataliwa, huenda mkono wa mtu umeteleza. Akaniangalia mimi, au niliona hivyo. Nikatia gololi. Lyle kapita. Ilipofika zamu ya Delbert, kete nikaiogopa kama nge. Gololi. Delbert naye kapita. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, jasho likinitoka.

Ijumaa, 8 Machi
Delbert kaja ukumbini na aproni. Nikamsogezea karai mwenyewe, bora niumie mara moja. Akalikataa! Kasema, kaka wee, nimejiunga ili nami nile samaki wa kukaangiwa, nyumbani nimechoka. Akakaa kumenya viazi. Baadaye akaninong'oneza siri ya unga wake: huukoroga kwa bia. Foleni ilifika nje kwenye theluji. Nimefurahi hadi nimeona haya.

Jumamosi, 9 Machi
Kuna mwombaji mpya, muuza viatu. Nasikia anapiga kodiani vizuri ajabu. Na nani hupiga kodiani kwenye sherehe za Udugu? Mimi! Nimeomba kamati. Arlys ameficha mayai. Haidhuru. Safari hii nitauliza kwanza wanaanza na nani.