Chumvi ya Mwalimu Fumo

Jumatatu, 14 Julai

Umebaki ukaguzi mmoja. Mmoja tu! Dkt. Kiprop wa chuo kikuu atakuja siku yoyote kabla ya shule kufungwa, bila taarifa. Nikipata alama hamsini, mimi ni mwalimu wa kemia. Nikikosa, narudia mazoezi ya kufundisha mwaka ujao, na mahafali ya wenzangu nitayatazama kwenye simu.

Ukaguzi wa kwanza nilipata arubaini na moja. Dkt. Kiprop aliandika kwamba kipindi kizima nilikuwa nikifundisha ubao. Si haki. Ubao ulikuwa ukinisikiliza kuliko Kidato cha Pili.

Mbeyu alipata sabini na nane. Huyu tunasoma naye chuo kimoja na tumeletwa shule moja, yeye kwa baiolojia. Ana mpango wa somo wa kila kipindi. Kila kipindi! Kwao ni wakulima, Kakuyuni, na naona anapanda masomo kama mahindi, kwa mistari. Mimi ni mtoto wa mjini, Malindi. Natumia akili.

Akili yenyewe ni hii. Kwa nini niandae masomo arubaini na mkaguzi ataona moja? Nitaandaa moja, la dhahabu. Siku akitokea, hata kama tulikuwa kwenye asidi, tunaruka tunaingia humo. Mada: kutoa chumvi katika maji ya bahari. Shule iko Gongoni, watu wake wanaishi kwa chumvi. Nani atanishinda?

Mbeyu akashauri nitembelee kwanza mashamba ya chumvi nione kazi inavyokwenda. Babake Kahaso, msichana wa Kidato cha Pili, anafanya kazi huko na atanipokea vizuri. Nikamwambia nimesoma kemia miaka minne. Sina haja ya kwenda kuonyeshwa chumvi.

Jumanne, 15 Julai

Nimefunga mkataba na Mzee Dena, bawabu. Nilimwamkia shikamoo mara mbili, ya pili kwa kuinama. Masharti: akiona mgeni mwenye kalamu na karatasi, agonge lango kwa rungu mara tatu. Nami kila asubuhi nimletee chai ya maziwa na mahamri manne.

Akauliza itakuwaje kama mgeni ni mzazi. Nikasema mzazi hana makaratasi. Akafikiri sana. Kisha akauliza kama mahamri yana mbaazi.

Yana mbaazi. Mtu mgumu huyu.

Jumatano, 16 Julai

Saa nne na robo, lango limelia! Mara tatu!

Nilikuwa katikati ya kusahihisha mtihani. Nikafuta ubao kwa mkono wa shati, nikatoa chupa ya maji ya bahari, nikawasha jiko la gesi la maabara. Mgeni akaingia bila kusema neno, akasimama nyuma, akafungua daftari. Sikuwahi kumwona, nikajua Dkt. Kiprop amemtuma mwenzake. Basi nilifundisha! Niliuliza, nikasifu, nikazunguka darasani, nikaita wanafunzi kwa majina, mengine hata yakawa ya kweli. Mgeni akawa anaandika tu. Kuna wakati aliinama kabisa chini ya dawati, nikasema moyoni huyu anakagua hadi nidhamu ya miguu.

Gesi ikaisha maji yakiwa vuguvugu. Chumvi haikutoka. Lakini nilimaliza kwa maneno mazito kuhusu subira.

Mgeni akaja mbele, akanipa mkono, akasema amefurahi sana, yeye shule aliachia darasa la sita. Ni fundi seremala. Ametumwa kuhesabu madawati mabovu. Kapata kumi na tisa. Akauliza kama na meza yangu aiandike.

Nimemwambia aiandike.

Alhamisi, 17 Julai

Mwalimu Mwambire, mkuu wa idara ya sayansi, ameniita. Amesikia nimemaliza gesi ya muhula mzima. Hakufoka, na hilo ndilo baya zaidi. Alivua miwani, akaifuta, akasema gesi nyingine ni Septemba. Kisha akaniambia kwa upole kwamba maji ya bahari hayahitaji gesi, yanahitaji jua na siku kadhaa, na nikitaka msaada niulize.

Sikuuliza. Nimemwaga maji ya bahari kwenye sahani pana na kuyaweka dirishani mwa maabara. Wazo limekuwa langu sasa.

Saa tisa kukanyesha. Jua halijaonekana tangu wakati huo. Nina maji mengi kuliko niliyoanza nayo.

Ijumaa, 18 Julai

Asubuhi nimefundisha tena somo la dhahabu. Lazima wanafunzi wawe na majibu mdomoni. Kahaso aliinua mkono, akauliza kwa adabu kama hili si lile la Jumatano. Nikamjibu haba na haba hujaza kibaba. Akakaa. Ana macho ya kupima huyu mtoto, simpendi sana akinyamaza.

Baada ya Swala ya Ijumaa nikapita dukani. Nimenunua chumvi, pakiti ya nusu kilo. Hesabu yangu ni safi. Chumvi ni chumvi, fomula moja, bahari moja. Nitaweka sahani mbili: ya kwanza mezani, ina maji ya bahari. Ya pili chini ya meza, ina chumvi yangu nyeupe imetandazwa vizuri. Nitasema hii niliianika siku nyingi, tazameni matokeo. Nani atajua?

Mbeyu aliniona na pakiti akauliza napika nini. Nikasema mchuzi.

Jumapili, 20 Julai

Nimelala nyumbani Malindi, nikarudi jioni hii. Heri nisingekwenda.

Mama ameshamwambia mtaa mzima. Bi Ummulkheir wa nyumba ya pili aliniita Mwalimu kabla sijamwamkia. Kanzu ya mahafali iko kwa fundi, kola imeanza kutiwa nakshi. Mama alinikalisha, akaniwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka, akanitazama nikila. Akasema marehemu baba alitamani ualimu akaishia kupima nafaka sokoni, na sasa Mungu amemlipa kwa mwanawe.

Nikasukuma sahani kando. Nikamwambia samaki ana miiba. Ukweli ni kwamba niliogopa. Bado naogopa. Arubaini na moja sikumwambia. Nilimwambia nimefanya vizuri kadiri ya mazingira.

Jumatatu, 21 Julai

Lango halikulia. Dkt. Kiprop alikuja kwa bodaboda, suruali imejaa matope mpaka magotini, mkoba ameuvaa ndani ya koti kwa ajili ya manyunyu. Mzee Dena akamdhania mzazi aliyeitwa kwa utovu wa nidhamu wa mwanawe. Akamkalisha kwenye benchi, akamwonya kuhusu malezi, na kwa huruma akampa hamri moja na mbaazi zake. Hamri langu! Alipojitambulisha hatimaye, Mzee Dena alitafuta rungu asilione. Alikuwa amelikalia.

Nikageuka kutoka ubaoni, namwona mkaguzi wangu yuko dawati la nyuma, anapangusa mbaazi kwenye ndevu.

Nikaanza somo la dhahabu. Nikafungua mdomo niulize maji ya bahari yana nini ndani yake. Kabla sijatamka, darasa zima likajibu kwa pamoja: chumvi, Mwalimu! Nikavuta pumzi niulize swali la pili. Wakajibu la pili na la tatu. Mmoja akasema ile hadithi yangu ya subira, neno kwa neno, na pale ninapotulia akatulia. Dakika sita, somo la dakika arubaini limekwisha.

Dkt. Kiprop akaangalia saa yake.

Sikuwa na njia nyingine. Nikainama chini ya meza, nikatoa sahani ya pili. Nikasema hii ndiyo chumvi iliyotoka kwenye maji yetu ya bahari. Nikaipitisha madawatini.

Minong'ono ikaanza. Sahani ilikuwa inapita polepole mno. Kila mtoto anachukua chembe, anasugua kwa vidole, anamtazama jirani yake. Nusu ya darasa hili, nimejua leo, baba au mama au mjomba yuko kwenye mashamba ya chumvi. Ilipofika kwa Kahaso, akaionja, akasimama, akasema samahani Mwalimu, hii ni ya dukani.

Nilimwuliza anajuaje. Sijui kwa nini niliuliza! Mtu akiwa shimoni aache kuchimba.

Akajibu bila dharau hata kidogo. Chumvi ya maji ya bahari hutoka na punje kubwa, ina unyevu, haimwagiki hivi. Hii imesagwa, imekaushwa. Tena akaongeza kwamba Mwalimu alisema siku zote tatu tukaushe maji mpaka yaishe kabisa, na babake angefukuzwa kazi kwa kufanya hivyo. Darasa likacheka. Mimi nikatazama dirisha na kupima kama ningepita.

Dkt. Kiprop akasimama. Nikasema basi, yameisha. Kumbe hakuja kwangu. Alimwomba Kahaso aeleze babake anafanyaje.

Mtoto akaja ubaoni, akachukua chaki mkononi mwangu, akachora mabwawa. Maji huingia bwawa la kwanza, yakipungua kwa jua huhamishwa la pili, kila bwawa maji yake mazito kuliko ya lile la nyuma yake. Babake hutazama uso wa maji. Ukianza utando kama wa maziwa yaliyopoa, hapo chumvi inatoka. Na maji yanayobaki juu humwagwa kabla ya kukusanya, kwa sababu ndani yake mna uchungu. Ukiyakausha yote, unakula uchungu huo pamoja na chumvi. Akageuka akaniuliza mimi, kwa heshima, kwa nini chumvi hutangulia kutoka na uchungu hubaki majini.

Nikajua! Wallahi nilijua! Ni swali la kemia tupu, la nani huyeyuka zaidi. Uchungu ule ni chumvi ya magnesi, nayo huyeyuka kwa wingi kwenye maji, kwa hivyo hubaki majini mpaka mwisho. Nikamweleza. Akauliza jingine, na nyuma wakauliza mengine, mikono juu, mimi nachora, Kahaso ananisahihisha, wanabishana mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Kwa robo saa nilisahau kabisa kwamba kuna mkaguzi. Nilifurahi. Sijawahi kufurahi hivyo darasani, na naona aibu kusema kwamba somo hilo sikuliandaa.

Dkt. Kiprop akaondoka bila kunitazama. Nimekosa hata hamu ya chai.

Jumanne, 22 Julai

Barua imekuja kwa Mwalimu Mwambire. Alinipa imekunjwa, akatoka nje aniachie nafasi.

Hamsini na sita.

Nimeisoma mara nne. Nikakaa kwenye kiti cha Mbeyu nikalia, na Mbeyu alikuwa amekikalia nusu. Akaniachia chote. Yeye kapata themanini na moja, hakutaja mpaka nilipomwuliza.

Maoni ya Dkt. Kiprop ni haya: "Chumvi ilikuwa ya dukani, nami nilijua ilipotoka chini ya meza. Dakika kumi za kwanza sikuona mwalimu. Baadaye mwanafunzi alifundisha vizuri sana, na wewe ukamjibu kwa ukweli. Alama ni zake. Mshukuru. Na jifunze kuandaa somo."

Nimempigia Mama. Akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Sikumsomea maoni.

Nimemshukuru Kahaso mbele ya darasa. Akasema si neno, Mwalimu. Kisha akauliza kesho tunasoma nini. Nikasema kesho tunarudia.

Ijumaa, 25 Julai

Habari kubwa! Mwalimu Mkuu ameniita ofisini. Mwalimu wa fizikia wa Kidato cha Tatu amepata uhamisho. Je, nitakubali kubaki muhula ujao, niajiriwe na bodi ya shule, nifundishe fizikia? Nikakubali kabla hajafika kwenye neno fizikia. Lilipofika likanishtua kidogo. Fizikia niliiaga zamani, tena bila majonzi. Mada ya kwanza ni umeme.

Mbeyu amenipa kitabu chake na kuniambia likizo ni wiki nne, zinatosha kukisoma chote. Amesema yuko tayari tukae pamoja tuandae kipindi kimoja kimoja. Roho nzuri anayo. Ila haoni mbali.

Mimi nimeyasoma maoni ya Dkt. Kiprop kwa makini, na nimeelewa alichonifunza. Mwalimu hodari hahitaji kulijua somo. Anahitaji mtoto ambaye babake analijua!

Basi leo nimepita Kidato cha Tatu na karatasi, kila mwanafunzi aandike jina na kazi ya mzazi. Wavuvi saba. Bodaboda watano. Chumvi kumi na wawili. Mama mmoja muuza viazi karai. Na mmoja, mmoja tu, alhamdulillahi, fundi wa stima!

Mbeyu anasema fundi huyo ndiye aliyeweka taa za ofisi ya walimu, zile ambazo ukizima ya mlangoni inawaka ya chooni. Wivu. Nimeshamhamishia mtoto dawati la mbele, na kitabu nimekitia chini ya mguu mfupi wa meza yangu.