Mrusi Anaanziwa Wapi?

Jumatatu, 3 Juni 1996
Vitabu vimefika! Kasha zima, vyote vya mwandishi mmoja, Mrusi aliyekufa zamani. Mwalimu Didace, aliyetujia kutoka Zaire, amesema Jumamosi lori la misheni litapeleka kasha kama hili kwa wasichana wa kambini Kakuma. Nafasi ni ya mwanafunzi mmoja. Ijumaa tueleze msomaji mgeni aanzie wapi kumsoma Mrusi huyu. Mwenye jibu bora atakwenda kuwaambia wa Kakuma.

Sijawahi kusimama mbele ya watu wakanisikiliza. Nimekamata kitabu kinene kuliko vyote. Ayen, ambaye kwao ni huko kambini, amechukua kile chembamba. Maskini! Nimemhurumia.

Jumatano, 5 Juni
Majina marefu. Joto. Nimekisoma kwenye foleni ya maji ili nionekane. Apua, mpishi wetu, amesema kingefaa kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.

Nimepata akili. Nitasoma mwanzo na mwisho. Katikati ni watu kutoka mwanzo kwenda mwisho tu.

Ayen anasoma ukurasa, anafumba macho, anaurudia. Polepole namna hiyo!

Ijumaa, 7 Juni
Natamani ardhi inimeze.

Nilisema mgeni aanzie kile kinene, kwa kuwa ndimo walimo watu wote. Nikaeleza habari za ndugu watatu wanaompenda msichana mmoja. Wa tatu anakufa kwa homa, na wale wawili hata mazishini hawaji! Niliwakemea kwa kumtupa ndugu yao. 

Mwalimu Didace alivua miwani. Akaniuliza kwa upole, mwanangu, hao ndugu nimewaonea wapi? Ni mtu mmoja. Mama yake anamwita hivi, rafiki zake vile, ofisini vingine. Darasa liliangua kicheko mpaka bati likaitika.

Ayen akaniuliza taratibu: babu yangu aliyekuja siku ya wazazi anaitwaje? Nikajibu: nyumbani Etabo, wazee wenzake humwita Apaloreng, kwa jina la fahali wake mwekundu, kwa chifu ni Petro. Akauliza, basi nina babu watatu? Hakuwa ananicheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mimi, Mturkana, ambaye kwetu kila mtu ana majina kadhaa!

Yeye alisema mgeni aanzie chembamba. Humo watu ni wachache, utazoea namna Mrusi anavyowaita, kisha kile kinene hakitakutisha. Nafasi ni yake.

Jioni nililia jikoni kwamba ameninyang'anya Kakuma. Apua akaacha kukoroga ugali. Akasema, wewe Nakeno, huyo hajamwona mama yake tangu Januari. Likizo ya Aprili alikosa gari.

Sikujua. Sikuwahi kumuuliza.

Jumamosi, 8 Juni
Ayen amemwomba Mwalimu nami nipakiwe, nisaidie kubeba kasha. Alimwambia ni mimi peke yangu niliyethubutu kukifungua kile kinene. Nilipanda lori bila kumtazama usoni.

Kakuma, vumbi mpaka kwenye meno. Mama yake, Adeng, alitoka nyumbani mbio akimwita kwa jina ambalo sijapata kulisikia. Jirani akamwita kwa jina jingine.  Safari hii sikuuliza ni mabinti wangapi.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya kanisa Ayen alisimama mbele ya wasichana, akawaambia waanzie wapi. Walimsikiliza. Nami nilisikiliza, kwa mara ya kwanza, na kuona aibu.

Njiani kurudi alisema tusome kile chembamba pamoja, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka hata neno. Yeye ataanza upya kwa ajili yangu. Machozi yalinilenga. Nimeapa. Nimebadilika kabisa!

Sasa Ayen ameenda kuchota maji, kitabu ameniachia. Nimeruka mpaka katikati, nimsubiri huko.