Kofia ya Mzee Emil na Bunduki Yangu ya Kwanza

Jumamosi, tarehe 3 Juni

Nimekasirika. Kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Duane! Shemeji yangu, kaka pekee wa mke wangu, mwenye bunduki tano na adabu nusu kijiko.

Tulikuwa mezani kwa mama mkwe, tunakula bata na kabichi. Kofia ya Mzee Emil, marehemu baba mkwe, nimeilaza gotini, maana mama mkwe hataki kofia mezani. Ni kapelo ya kijani ya ushirika wa wakulima wa mahindi, imepauka, ina mstari wa jasho pembeni. Baba mkwe alinipa mwenyewe hospitalini, wiki yake ya mwisho. Alinipa mimi, si mwanawe. Kwa sababu ni mimi niliyempeleka kwa daktari kila Jumanne, miezi saba, Duane akiwa juu ya trekta lake. Duane hajanisamehe mpaka leo.

Sasa leo, mdomo umejaa kabichi, akasema kofia ya bingwa wa klabu ya shabaha haifai kukaa kwenye kichwa cha mtu ambaye hajawahi kumiliki bunduki ya marisau, ile inayotawanya chembe za risasi. Nikamwambia nina bastola na nina rifali. Akasema hizo zinatosha kutishia panya. Wote wakacheka. Mama mkwe pia!

Nikasimama. Nikasema siku ya klabu, tarehe 17, tutapambana. Asubuhi visahani ishirini na vitano vya udongo vinavyorushwa hewani, mchana mashindano ya bunduki tatu: bastola, rifali na marisau. Tujumlishe alama. Akishinda yeye, kofia ni yake. Nikishinda mimi, asiitaje tena mpaka anazikwa. Tukapeana mikono mbele ya bata.

Tulipofika mlangoni mke wangu, Marlys, akanikumbusha kwamba kabati la bunduki limebaki na nafasi moja. "Moja, Wendell. Ukileta mbili, ya pili utalala nayo gereji."

Nina wiki mbili na sina bunduki.

Jumatatu, tarehe 5 Juni

Dukani kwa Arlo, muuza bunduki. Nikamweleza ninachotaka: bunduki moja ya marisau, ya visahani na ya bunduki tatu. Akaniuliza basi ni ipi kati ya hizo mbili. Nikasema zote. Akacheka! Akasema ni sawa na kutaka kiatu kimoja cha kanisani na cha zizi la nguruwe.

Akanitolea ya kwanza: mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, mirefu, mizito, unaivunja katikati kama mkate kuweka risasi. Risasi mbili tu. Nzuri kwa visahani, kwa sababu urefu na uzito vinaifanya ikifuate kisahani taratibu bila kukwama mikononi. Akatoa ya pili: mtutu mfupi mmoja, inajipakia yenyewe, ina bomba refu chini linalobeba risasi tisa. Hiyo ndiyo ya kukimbia nayo kwenye bunduki tatu. Akasema kama ni ya kwanza nianze na ya kati, mtutu wa inchi ishirini na nane, na kwanza nihakikishe kitako cha bunduki kinanikaa shavuni. Akataka kunipima pale pale.

Mimi nipimwe kama suruali? Nikamwambia anifungie ile ya risasi tisa. Hesabu iko wazi. Tisa ni nyingi kuliko mbili.

Jumatano, tarehe 7 Juni

Siku ya aibu. Natamani niupasue ukurasa huu, lakini hasira ina haki ya kusomwa.

Jioni nimekwenda kwenye mazoezi ya visahani. Ukuta wa nyumba ya klabu umejaa kofia mbovu zilizotoboka matundu, zimetundikwa kwenye misumari, sijui kwa nini hawazitupi. Bi Bernadine Vopat, mwalimu wa klabu, umri wake sabini na nne, alianza kunieleza habari za zile kofia. Sikumsikiliza. Nilikuja kupiga, sikuja kusikiliza hadithi za nguo.

Nikaingia mstarini, kulia kwangu Mchungaji Lindquist. Nikaita, "Rusha!" Kisahani kikaruka, nikafyatua, kisahani kikaendelea na safari zake. Ganda la risasi likatoka ubavuni mwa bunduki, moto, likaingia ndani ya kola ya Mchungaji. Sijawahi kumwona mtumishi wa Mungu akicheza vile. Nikaomba radhi. Nikafyatua tena. Kola tena! Kumbe wenye bunduki za kujipakia huweka kizuizi cha kushika maganda. Mbona hakuna aliyeniambia? Arlo alisema aliniambia. Muongo.

Nimevunja visahani vinne kati ya ishirini na vitano. Kila nikikosa, mwandika alama anapaza sauti, "Kimepotea!" Mara ishirini na moja. Mtu mzima anatangaziwa hasara zake kama mnadani.

Halafu Bi Bernadine akaniita pembeni. Akaniambia nifumbue macho yote mawili, nimwelekezee kidole puani. Nikafanya. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, wewe unapigia bega la kulia, lakini jicho lako la kushoto ndilo bosi. Linakuvuta pembeni. Bandika kipande cha mkanda kwenye kioo cha kushoto cha miwani, basi, kazi imekwisha." Akatoa mkanda mfukoni, tayari anaukata!

Nimeitwa mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuambiwa nina jicho lisilotii. Nikamwambia macho haya yana miaka hamsini na moja na hayajawahi kulalamikiwa na mtu. Kosa ni la bunduki. Mtutu mfupi mno! Duane alikuwa amekaa kwenye benchi anatafuna mbegu za alizeti. Akaniuliza kama Mchungaji naye anahesabiwa alama.

Jumamosi, tarehe 10 Juni

Arlo amenibadilishia, kwa hasara ambayo sitaiandika. Sasa ninayo ya mitutu miwili. Ndefu, inang'aa, imechorwa ndege pembeni. Maganda hayarukii mtu. Nikasema sasa Duane atanikoma.

Mchana tukafanya mazoezi ya bunduki tatu. Unakimbia, unapiga kwa bastola, unaiweka chini, unapiga kwa rifali, unaiweka chini, halafu unapokea bunduki ya marisau na kuangusha sahani tisa za chuma, na saa inakuhesabia. Bastola yangu, safi. Rifali, safi. Nikasikia mtu anasema huyu bwana kumbe yumo! Nikafika kwenye sahani. Mbili, pa-pa. Nikaivunja. Nikaweka mbili. Moja ikaniponyoka. Nikainama. Miwani ikateleza. Nikaweka. Pa, nimekosa. Pa, nimekosa. Nikaivunja. Kwenye mkanda wa kiunoni risasi zilikuwa zimekwisha. Nyingine nilizisahau garini.

Duane alimaliza zake tisa kwa muda wa mtu kupiga chafya. Akasimama pembeni na mbegu zake, akanipigia kelele. "Shemeji, tukuagizie chakula cha jioni huko huko?"

Nimechemka. Nimeendesha gari kilomita kumi na mbili nikiwa nimesahau kofia juu ya paa la gari. Imefika nyumbani ikiwa bado pale. Hiyo ni ishara. Mzee Emil yuko upande wangu.

Jumanne, tarehe 13 Juni

Tatizo nimelipata! Kitako kirefu. Bunduki inanipiga shavuni kila ninapofyatua, nusu ya uso imekuwa rangi ya zabibu. Marlys akasema nirudi kwa Arlo nikapimwe. Nikamwambia sihitaji kupimwa, ninahitaji msumeno.

Nikakata gereji, sentimita tatu. Nikajaribu begani. Nikakata moja zaidi. Nikajaribu. Fupi! Sasa kidole gumba kinanigonga pua. Nikakata kipande cha mkeka wa mazoezi wa Marlys, ule wa zambarau, nikakibandika kwa gundi nyuma ya kitako. Marlys alipoona mkeka wake una kona iliyoliwa, hakupiga kelele. Aliukunja, akaufungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni. Afadhali angepiga kelele.

Nimempigia Arlo, kumuuliza tu kama anaweza kuichukua tena. Akauliza iko katika hali gani. Nikakata simu.

Alhamisi, tarehe 15 Juni

Mpango wa mwisho, na huu ni wa akili. Nimemwomba Bi Bernadine aniweke mstari mmoja na Duane. Nitasimama kushoto kwake nimevaa kofia ya baba yake. Kila atakapoinua bunduki, ataiona kwa kona ya jicho. Atavurugika. Bi Bernadine akasema sawa, naye mwenyewe atakuwa mstarini, pamoja na Mchungaji na Arlo. Akaniuliza kama nina hakika nataka kuvaa kofia hiyo siku hiyo. Nikasema, hiyo hasa! Akaniambia nifikirie tena. Halafu akanipa mkanda wake, roli nzima. Nikautupa nyuma ya kiti cha gari.

Jumamosi, tarehe 17 Juni

Naandika polepole. Nataka yote yakae kwa mpangilio.

Asubuhi mama mkwe alileta kolachi, maandazi laini yenye jemu ya plamu juu yake. Nikala tatu nimesimama, huku nimekwisha vaa miwani, kwa sababu Duane alikuwa ananiangalia na sikutaka aone nina wasiwasi. Jemu ikaruka kwenye kioo cha kushoto. Bonge. Nikataka kuifuta, Duane akasema, "Jifute uso, shemeji, uko kama mtoto wa chekechea." Basi! Sikufuta. Sitii amri ya Duane hata kwenye uchafu wangu mwenyewe. Bi Bernadine akaniona, akaziba mdomo, akasema nisiiguse hata kidogo.

Tukaingia mstarini. Upande wa kushoto naona zambarau tu. "Rusha!" Vumbi. "Rusha!" Vumbi tena. Kisahani kinatoka, ninafyatua, kinakuwa moshi. Kumi. Kumi na tano. Mwandika alama amenyamaza, hana la kutangaza. Duane alikosa cha kumi na nane. Kofia ilifanya kazi! Ishirini. Cha ishirini na tano kilipasuka vipande viwili tu, lakini kilipasuka.

Vyote! Duane ishirini na nne. Nikaruka. Nikamkumbatia Mchungaji, akajishika kola kwanza. Nikapiga kelele kwamba kofia ni yangu milele na milele.

Wote wakageuka. Wakatazama kichwa changu.

Bi Bernadine akaja, akavua kofia kwa mikono miwili, taratibu. Kisha akanieleza zile hadithi za nguo. Mtu akivunja vyote ishirini na vitano kwa mara ya kwanza, kofia iliyo kichwani mwake hurushwa juu na mstari mzima unaipiga risasi. Halafu inatundikwa ukutani. Ndivyo ilivyo tangu babu zao. Nikasema hapana. Nikasema nina kofia nyingine garini. Akasema ni iliyokuwa kichwani. Akasema Mzee Emil mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote kuhusu jambo hili, aliwahi kupiga kofia ya harusi ya mtu.

Nikamtazama Duane. Nilitaka akatae. Kwa mara ya kwanza maishani nilimtaka Duane aseme kitu. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Akasema, kwa sauti ndogo, "Baba angesema irushwe."

Ikarushwa. Bi Bernadine akapiga, Mchungaji akapiga, Arlo akapiga. Duane aliinua bunduki, akaishusha. Ilianguka nyasini kama ndege. Duane akaenda kuiokota. Akarudi na utepe wa ndani, ule wa jasho, jina la Emil bado linasomeka kwa wino. Akakaa kwenye benchi, akalia. Nikakaa karibu yake. Nililia pia, na sioni haya kuandika. Ile kofia nilimvalisha mzee mimi kila Jumanne, kwa kuwa mikono yake haikuweza tena kupanda juu.

Mchana wala hatukushindana. Tulikaa pale na kolachi zilizobaki.

Jumapili, tarehe 18 Juni

Siku ya akina baba. Duane amekuja asubuhi bila kupiga honi. Ameleta begi refu. Ndani, bunduki ya Mzee Emil! Ya kati, inajipakia yenyewe, inchi ishirini na nane, ile ile aliyosema Arlo siku ya kwanza, ina hata kizuizi cha maganda. Na mfukoni mwa begi, miwani yake ya kupigia. Duane akasema yangu nimekwisha iharibu kwa msumeno, na baba alinipenda, basi nichukue. "Yaishe, shemeji."

Nikamshukuru. Tukanywa kahawa. Akaondoka. Marlys alilia kidogo, akasema ile yenye kitako cha zambarau itoke kabatini, hii iingie.

Kisha nikakaa nikafikiri. Yaishe? Nani anasema yaishe? Aliyeshindwa! Nilimpiga ishirini na tano kwa ishirini na nne kwa bunduki niliyoikata mwenyewe, naye ananiletea zawadi kama mtu anayeonewa huruma! Nimempigia simu. Nimemwambia Jumamosi ijayo tunarudia. Akishinda, achukue tena bunduki ya baba yake. Nikishinda, anipe na mashua ya mzee ya kuvulia. Akasema, "Haya."

Nimeandaa vifaa. Miwani yangu nimeosha jemu yote. Lakini nitavaa ya Mzee Emil, kumvuruga Duane. Ilikuwa chafu ajabu. Kwenye kioo cha kushoto kulikuwa na kipande cha mkanda wa zamani kimegandia. Nimekibandua kwa kisu, nikasugua kioo kwa sabuni mpaka kimeng'aa.