Nafasi Moja ya Semina

Jumatatu, 6 Mei

Habari kubwa! Chuo cha ualimu kimetangaza semina ya mbinu mpya za kufundisha sayansi na hisabati, wakati wa likizo. Malazi bure, chakula bure, cheti, na mkoba. Shule yetu imepewa nafasi moja. Moja tu! Mkuu wa shule alisoma tangazo wakati wa mapumziko, nami nikaisahau chai yangu mpaka ikapoa.

Shajara, elewa jambo hili. Ofisi yetu ya walimu ina meza mbili. Meza ya dirishani ni ya waliowahi kwenda semina. Wanatundika mikoba yao ya semina kwenye viti, wanasema maneno kama "mrejesho" na "ushirikishwaji", na birika la chai huanzia kwao. Meza ya mlangoni ni ya sisi wengine. Kila anayeingia anatupiga na mlango. Nimekaa pale tangu nilipoajiriwa, na sitaki kustaafu nikiwa pale.

Nafundisha sayansi darasa la sita. Nafundisha vizuri sana. Hayo ni maoni yangu, na kwa bahati mbaya hakuna mwingine aliye nayo.

Mpinzani ni mmoja: mwalimu wa hisabati. Tunamwita Rula kwa kuwa amenyooka, mwili na tabia. Naye ni wa meza ya mlangoni. Amesema kwa upole kwamba hata yeye angependa kwenda. Kwa upole! Hapo ndipo nilipotambua kwamba ni mtu wa hatari.

Jumanne, 7 Mei

Nimeanza mashambulizi. Niliwahi shuleni kabla mlinzi hajafungua geti, ili Mkuu anikute nimesimama kwa bidii. Mkuu akaniuliza kama mke wangu amenifungia nje tena. Nikasifu viatu vyake. Akasema ni vya dada yake na vinambana mpaka anaona nyota.

Mchana ametuita mimi na Rula ofisini. Hataki lawama. Jumatano ijayo atakuja mkaguzi wa shule, ataangalia somo langu na somo la Rula, na yeye ndiye atakayechagua. Rula akashukuru. Nami nikashukuru, kwa sauti kubwa zaidi.

Alhamisi, 9 Mei

Shule yetu ina kabati la vifaa vya kufundishia. Vifaa vya uhakika! Mna hadubini, tufe la dunia na mifupa ya binadamu ya plastiki, vyote vikiwa bado ndani ya nailoni. Ufunguo anao Mkuu. Nilimwomba hadubini. Akataka kujua ya nini. Nikasema ya kutumia. Akaguna na kusema kwamba ndivyo vitu vinavyoharibika. Ameniruhusu kuwapanga watoto mstari waiangalie kupitia kioo cha kabati.

Basi nimebadili mbinu. Nitafundisha mzunguko wa maji kwa kutumia birika la chai la walimu. Maji yanachemka, mvuke unapanda, unakutana na sahani ya baridi, matone yanadondoka. Mvua darasani! Mkaguzi ataduwaa.

Rula nimemwona akiokota vizibo vya soda nyuma ya kantini. Eti ndivyo vifaa vyake. Nilicheka kimoyomoyo mpaka nikapata kwikwi.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemweleza mke wangu mpango wote. Yeye ni muuguzi, huenda semina kila mara, na mikoba yake tunawekea vitunguu. Akaniuliza kwa nini nisifundishe tu kama ninavyofundisha siku zote. Nikamwambia hicho ndicho hasa ninachojaribu kukificha. Akaendelea kupiga pasi sare yake.

Wazo langu ni hili. Mkaguzi anapenda watoto wanaojibu. Basi kila mtoto nitampa swali lake mapema, pamoja na jibu lake, kwa mpangilio. Swali la kwanza la fulani, la pili la fulani, mpaka mwisho. Hakuna kubahatisha. Sielewi kwa nini walimu wengine hawajawahi kulifikiria jambo hili.

Kikwazo ni kimoja. Kuna binti darasani tunamwita Kwanini. Jina lake la nyumbani zuri tu, lakini hili ndilo linalomfaa. Ukimwambia jua linachomoza mashariki, atataka kujua nani alilituma. Mkaguzi akikaa na mtoto yule nimekwisha.

Jumatatu, 13 Mei

Mazoezi yamekwenda kama maji. Nauliza, mkono juu, jibu, makofi. Nimesikia raha ambayo sijawahi kuisikia kazini. Hata yule kijana anayelala kila siku amejibu swali la saba huku amefumba macho.

Kwanini nimempandisha cheo. Nimemteua mlinzi wa kengele kwa siku ya Jumatano. Atakaa uwanjani chini ya kengele kipindi kizima, na ataigonga muda ukifika. Akauliza kwa nini kengele inahitaji mlinzi. Nikamwambia ni heshima kubwa. Akasema sawa, lakini uso wake haukusema sawa.

Jumatano, 15 Mei

Sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye raba za michezo na begi dogo. Alianza kwa Rula. Nilipita pale dirishani, kwa bahati tu, mara tatu nne. Fujo! Watoto wamelala sakafuni wakipanga vizibo, wanabishana, wanasukumana, na Rula amekaa pembeni bila kusema neno. Mkaguzi naye yuko sakafuni! Nikajua mwenzangu ameshazama.

Likaja somo langu. Birika nilikuwa nimeliteka tangu asubuhi, kwa hiyo meza ya dirishani haikupata chai, na mwalimu wa historia alinitazama kama nimemwibia mtoto. Nilichemsha maji, nikaingia darasani kwa mbwembwe. Swali la kwanza, safi. La pili, safi. Mvuke ukapanda, matone yakadondoka, watoto wakapiga makofi pale pale tulipokubaliana.

Ndipo Mkaguzi akasimama na kuomba aulize yeye.

Alimuuliza kijana wa mbele wiki hii wamejifunza nini. Kijana akaruka wima na kujibu kwamba ni jua, lile lile jibu nililompa kwenye mazoezi. Akamuuliza binti wa pili anadhani maji ya mvua hutoka wapi. Binti akamwomba radhi kwa adabu zote, akasema hilo si swali lake, ni la mwenzake wa kule kona, na mwenzake leo hakuja, anaumwa jino. Hapo yule wa swali la saba akaamka na kuuliza kama anaweza kujibu lake sasa hivi, maana amesubiri sana.

Nilitamani ardhi ipasuke. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Nikaamua kumshikisha Mkaguzi ile sahani, angalau aone matone. Akaisogeza puani. Akasema mvua yangu inanukia chai. Kweli! Birika nililisuuza harakaharaka. Nikaeleza kwamba haidhuru, mvuke hupanda peke yake na kuacha kila kitu chini, ndiyo maana mvua ni safi.

Sauti ikatoka dirishani. Kwanini! Ameiacha kengele, amening'inia kwenye nondo za dirisha. Akauliza: kama mvuke unaacha kila kitu chini, kwa nini harufu ya chai imepanda nao?

Darasa zima likanigeukia. Mkaguzi akanigeukia. Nikatafuta jibu kichwani, nikakuta pako kama kabati la Mkuu, pamefungwa. Nikasema sijui.

Basi ikawa kelele tupu. Mmoja akasema harufu ni nyepesi. Mwingine akasema harufu nayo ni kitu kidogo kinachoruka, ndiyo maana marashi ya mama huisha hata kama hayajamwagika. Yule mlalaji, macho yamemtoka, akataka tuchemshe maji matupu tulinganishe. Wakainusa ile sahani kwa zamu. Wakaninyang'anya birika. Na kwa kuwa mlinzi wa kengele alikuwa dirishani, kengele haikugongwa, na shule nzima ikachelewa mapumziko. Mkuu alikuja mbio akidhani pametokea moto.

Mkaguzi aliandika, akaandika, akaandika. Akaondoka bila kunitazama usoni.

Alhamisi, 16 Mei

Nimekwisha. Nilikaa kwenye meza ya mlangoni na mlango ukanipiga, nikaona ni haki yangu. Rula alinimiminia chai na kusema somo langu lilimfurahisha. Ananicheka. Hapana, hanicheki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mke wangu alinikuta nimekaa jikoni nimeshika tama. Akasema kwao wodini, anayesema sijui huwa haui mtu. Nilimwambia mimi si wa wodini. Lakini nilifarijika kidogo, na nikala.

Ijumaa, 17 Mei

NIMECHAGULIWA!

Mkaguzi ametuita. Amesema Rula hahitaji semina ile, chuo kinamwomba aende kama mwezeshaji, yaani awafundishe walimu wenzake. Nafasi ya shule ni yangu. Amesema watoto wangu wana akili kali na kwa muda mwingi wa somo nilikuwa nimewafunga midomo, lakini mlango ulipofunguka sikuufunga tena. Niende nikajifunze kuufungua mapema.

Nimetafakari maneno yake na nimepata maana: amevutiwa na mpango wangu. Birika ndilo lililomaliza kazi. Rula amenipa mkono na kunipongeza kwa moyo wote. Baadaye njiani ndipo nilipokumbuka neno mwezeshaji, nikasimama katikati ya barabara mpaka mwendesha baiskeli akanitukana.

Mkuu ameweka sharti. Nikirudi, nifundishe somo la wazi mbele ya walimu wote, ili nao wafaidike.

Jumatatu, 10 Juni

Niko chuoni! Kitanda kizuri, chandarua kisicho na tundu. Nimepewa mkoba wa buluu wenye zipu mbili na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nilikwenda nacho msalani, kwa kusahau tu.

Mwezeshaji wetu ni Rula. Amesimama mbele, mimi nimekaa chini nikinyoosha kidole. Nilipanga kumtega kwa swali gumu. Nililitunga wakati wa chakula cha mchana, nikamuuliza mbele ya watu. Akafurahi sana, akalirudisha kwa washiriki, na tukalijadili mpaka jioni. Hata mimi nilichangia. Siwezi kumwelewa mtu huyu.

Alhamisi, 13 Juni

Leo tulitengeneza chujio la maji kwa mchanga, mkaa na chupa iliyokatwa. La kwangu lilitoa maji meusi zaidi ya yale niliyoyamimina. Badala ya kunisahihisha, walimu wenzangu wakaniuliza maswali. Tukalifungua, tukagundua mkaa sikuuosha, tukarudia. Maji yakatoka meupe. Nilipiga kelele kama mtoto, nimetapakaa mkaa mpaka masikioni. Nimefurahi leo kuliko siku nyingi za kazi yangu, na sijali nani alikuwa mbele na nani nyuma.

Fundisho kuu la semina, kama Rula alivyolieleza: mwalimu asiwape watoto majibu ya kukariri. Awaache waulize maswali yao wenyewe, kisha wayatafute majibu pamoja. Nimelipigia mstari mara mbili. Limeniingia hasa. Mwaka huu darasa langu litakuwa jipya.

Jumatatu, 1 Julai

Shule zimefunguliwa. Nimehamia meza ya dirishani. Nimetundika mkoba. Nikasema "mrejesho" wakati wa chai na hakuna aliyecheka. Rula amekataa kuhama, anasema pale mlangoni amepazoea. Nilimwonea huruma.

Jambo jema zaidi: Mkuu amenipa hadubini! Amenishika mkono nilipoipokea na sura yake ilikuwa ya mtu anayemsindikiza binti yake harusini. Watoto wameangalia ganda la kitunguu na hawakutaka kwenda nyumbani. Kwanini nimemrudisha kiti cha mbele kabisa.

Jumapili, 7 Julai

Kesho ndiyo siku yenyewe. Somo la wazi! Walimu wote watakuwepo, Mkuu, Rula, hata Mkaguzi amesema atapita. Somo langu nimeliita "Mtoto Anauliza." Watoto watauliza maswali yao wenyewe, kwa uhuru kabisa, kama tulivyofundishwa chuoni.

Nimejiandaa vilivyo. Maswali yao nimeshayaandika yote kwa mkono wangu, na kila mtoto nimempa la kwake kwenye kikaratasi. Ijumaa tumefanya mazoezi. Nimewafundisha hata kukuna kichwa kabla ya kuuliza, ili ionekane swali limewajia papo hapo. Na safari hii sirudii kosa: kila swali lina mtu wa akiba, meno yaume yasiume.

Kwanini nimempa swali zuri kuliko yote. Alilisoma, akaligeuza upande wa pili, akaniuliza kwa nini yeye asiulize lake. Nikamwambia awe na subira, maswali ni kesho.