Kanga Yangu Kwenye Picha ya Radoni

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani. (Nguo zipo, tulieni.)

Mnajua mimi nafundisha sayansi huku Ihanda, Mbozi. Wiki nzima nimepiga kelele kuhusu radoni: gesi inatoka ardhini, inapenya kwenye nyufa za sakafu, inajikusanya ndani ya nyumba iliyofungwa, na ukiivuta miaka mingi inaharibu mapafu. Nikawaambia wanafunzi wa klabu yangu ya uchoraji wachore, wazazi waje waone. Mkuu wa shule akanionya, "Madam, wazazi wasipoelewa leo, hiyo klabu yako naifunga."

Sasa chora gesi isiyo na rangi wala harufu! Mmoja kaniletea karatasi nyeupe. "Madam, si umesema haionekani?" (Nilimpa alama. Ningefanyaje?)

Atupele wa kidato cha pili ndiye aliyeniokoa. Nyumba kubwa, gesi nyekundu, mtu kalala hoi kitandani. Nzuri mno! Nikaibandika mlangoni pa darasa haraka haraka, bila kuitazama vizuri.

Wazazi wakaja. Nikahubiri. "Fungueni madirisha, hata kama baridi ya Mbozi inauma! Anayeziba dirisha anaiumiza familia yake mwenyewe!" Wakatikisa vichwa kukubali. Nikajua klabu imepona.

Mara Baba Tumaini, mwenye nyumba wangu, akaisogelea ile picha.

"Hii si nyumba yangu?"

Nikatazama. Mlango wa bluu. Ufa sakafuni. Yake kabisa!

"Mwalimu, unaitangaza nyumba yangu inaua watu?"

"Hapana baba, ni mfano tu..."

"Na dirisha nililokuwekea, hapa limezibwa na nini?"

Atupele, ambaye kila siku huniletea madaftari nyumbani, akajibu kwa adabu zote, "Kanga ya madam, baba. Na kiroba cha mbolea. Hata sasa hivi vipo."

Vicheko, mpaka mkuu wa shule kaegemea ukuta. Mama mmoja anafuta machozi: "Kumbe aliyelala pale ni yeye!"

Yaani mtoto huyu! Na mimi ndiye niliyemfundisha kuchora anachokiona!

Baba Tumaini akatoa hukumu: "Sisi tutafungua madirisha. Ila mwalimu aanze." Makofi! Klabu imepona, mimi sijapona.

Jioni hii naandika nimevaa koti na soksi mbilimbili, dirisha wazi, upepo unaingia kama umelipa kodi. Na kila mzazi anayepita njiani anachungulia: "Hodi madam, tunakagua tu!"

Atakayecheka, aje na blanketi.