Nguzo Yetu Iko Kwenye Maonyesho Yenu

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Bustani ya Mji,

Natumaini u mzima na macho yako hayajaumizwa na mwanga. Sisi wa kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha sabuni hatujambo, ila tunajikwaa.

Mimi ni mke wa dereva wa lori, mama wa mtoto mmoja tunayemwita Kibonge. Sikusoma sana, kwa hiyo naandika kwa namba, mimi nisipotee na wewe usipate pa kujificha.

1. Miezi mitatu iliyopita watu wako walikuja na gari, wakang'oa nguzo ya taa iliyokuwa mlangoni kwetu, taa pekee ya kichochoro kizima. Walisema inakwenda matengenezo. Tukawashukuru, na mama mkwe wangu akawapa maji ya baridi. Maji yale tunayadai.

2. Jumamosi tukaja bustanini kuangalia hayo maonyesho ya taa ambayo redio imetuchosha nayo. Tumeona. Miti imevalishwa taa za buluu kama inakwenda kuolewa. Bwawa linabadilika rangi mpaka vyura wamehama. Mawe nayo yanamulikwa usiku kucha, wala sijasikia jiwe lililoteguka mguu likienda chooni.

3. Katikati ya yote, ndani ya kamba nyekundu, imesimama nguzo yetu. Niliijua kwa kile kibonyeo alichokiacha baba Kibonge siku aliyorudisha lori kinyumenyume huku akijisifu. Nikanyoosha mkono. Mlinzi akanifokea, "Dada, rudi nyuma, hiyo ni sanaa!" Nguzo niliyoanikia nepi, Mheshimiwa!

4. Kibao chenu kinasema nguzo hiyo inaitwa "Majeraha ya Jiji", na ile mistari myekundu ubavuni ni "kilio cha chuma". Ile ni rangi ya kucha. Kwetu mtoto akiweza kusimama bila kushikwa, anapelekwa pale, mgongo kwenye nguzo, na bibi yake anampigia mstari juu ya utosi. Halafu kila mwaka mstari mmoja, mpaka aanze kuona aibu. Kwa hiyo kilio chenu cha chuma ni mapacha wa fundi cherehani na wenzao. Bwana mmoja mwenye miwani alikitazama mpaka akatoa leso. Mama mkwe akamwambia, "Pole, baba. Huyo unayemlilia yuko darasa la tano, na jana kanivunjia dirisha."

5. Hapa sasa sitanii. Kibonge wangu ana mwaka na miezi saba, na hajasimama. Muuguzi anasema nisubiri, viungo vyake ni vizima. Majirani wanasema mengine, maana nikipita wananyamaza. Mimi najua atasimama. Nafasi yake ilikuwa imeachwa, upande wa mlango wetu, chini ya mistari ya wenzake, na chupa ya rangi niliinunua kabla hajazaliwa. Sijaifungua. Je, akisimama leo nimwekee alama wapi? Kwenye shimo mliloacha?

6. Kwa hiyo naomba nguzo irudi kabla ya Ijumaa. Ikiwa haiwezi kurudi kwa sababu imeshakuwa sanaa, basi sanaa ni ya waliochora: kibaoni waandikwe bibi zetu wote sita. Ikiwa na hilo ni zito, tuhamishieni bustanini sisi wenyewe, vyumba tisa, ndoo na kuku. Mtuzungushie kamba, mtupe mlinzi. Mama mkwe wangu awekewe kibao cha "Usiguse", na hamtakuwa mmedanganya. Angalau tukienda chooni tutamulikwa, na watu wa miwani watatoa leso.

Nangoja jibu lako kwa heshima yote niliyobakiwa nayo, ambayo si nyingi. Wasalimie nyumbani kwako, wasalimie mafundi waliokunywa maji yetu, msalimie bwana wa leso. Mlinzi usimsalimie.

Ni mimi, kutoka gizani,
Mama Kibonge

Nyongeza: Jana, kabla sijaifunga barua hii, tulirudi huko ili ninakili vizuri maneno ya kibao. Nikiwa naandika, Kibonge akatambaa chini ya kamba, akaifuata taa ya njano mliyoifukia ardhini kuimulika nguzo, akaishika nguzo, akajivuta. Halafu akaachia. Mikono yote miwili, Mheshimiwa. Akasimama pale anacheka na taa, mpaka mama mkwe akamaliza kuhangaika na kifuniko cha ile chupa ya rangi, ambayo siku hizi natembea nayo mkobani, na kumpigia mstari. Mlinzi aligeukia upande wa pili, akasema tu, "Fanyeni haraka, mama." Basi naye msalimie.

Kwa hiyo nguzo msiiguse. Msiirudishe, msiizime, hata mkiamriwa na barua hii, mpaka baba yake arudi safari Jumapili aje aone. Na taa ya njano iwepo. Bwana wa leso akija, mwonyesheni ule mstari wa chini kabisa ambao bado unang'aa. Huyo ni wangu, amlilie anavyotaka.