Milimita Sita

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Akiba yetu imetimia. Likizo nzima mimi na Kamanda tumeosha magari kwa mjomba wake, na mikono yangu bado inanuka sabuni. Sasa tunanunua miwani ya uhalisia pepe, ile unayojifunga usoni ukajikuta uko ulimwengu mwingine. Miwani moja, ya watu wawili.

Kamanda ni jirani yangu wa dawati na, kusema kweli, ndiye rafiki yangu pekee. Yeye ana sauti, mimi sina. Huniulizia bei dukani. Huniombea ruhusa kwa walimu. Aliwahi kumrudisha kinyozi anitengeneze upya nywele alizoniharibu, wakati mimi nilikuwa nimeshamshukuru mara mbili. Anataka kuwa rubani, kwa hiyo ndani ya miwani atarusha ndege. Mimi nitatembea mwezini. Kule hakuna wa kumwamkia.

Duka la vifaa vya umeme karibu na kituo cha mafuta lina aina mbili. Tumezibatiza Ya Waya na Ya Betri. Tumekubaliana tuchague kisayansi. Sayansi ni mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma vijitabu vya maelezo mpaka macho yakaniwasha. Kamanda ametazama picha ya kwenye boksi, akasema zote nzuri.

Ya Waya ina picha safi zaidi, na lenzi zake unazisogeza kwa kitufe, kwa hiyo inamfaa mtu yeyote. Lakini lazima ichomekwe kwenye kompyuta yenye nguvu. Nyumbani kwetu kompyuta ni ya Dada, nayo ukiifungulia kurasa mbili inahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Kwa akina Kamanda kuna kompyuta kweli kweli, ya kaka yake anayechora ramani za majengo. Maana yake Ya Waya itaishi kwao.

Ya Betri inajitegemea. Unaitia kwenye mkoba, unaondoka nayo. Lakini lenzi zake hazisogei. Mtu ambaye mboni zake zimeachana zaidi ya milimita sitini na sita ataona kila kitu viwili viwili.

Tatizo langu na Ya Waya si la kisayansi. Kwa akina Kamanda salamu zinaanzia getini. Bibi, babu, shangazi wawili, na yule mtoto anayetaka kubebwa. Kila mmoja anauliza masomo yanaendaje, na kila mmoja anasubiri jibu! Nikifika kwenye kompyuta sauti itakuwa imeniisha. Nawapenda sana. Kwa mbali.

Nimejaribu kutafuta nafasi chumbani kwangu, maana ukivaa miwani unahitaji pa kurushia mikono. Nikatoa meza ya kupigia pasi, nikaiweka kwenye ujia. Mama akaigonga kwa kidole gumba cha mguu. Aliyoyasema sitayaandika. Meza imerudi.

Ee Mungu, macho ya Kamanda yawe yamekaribiana.

Jumatano, 5 Machi

Hayajakaribiana.

Tulipima wakati wa mapumziko, nyuma ya maabara. Mimi kwanza: sitini na moja. Safi. Kisha Kamanda akasimama wima, kidevu juu, kama anapigwa picha ya kitambulisho. Nikaweka rula chini ya nyusi zake. Sabini na moja! Huyu mtu amepewa uso kama uwanja wa mpira. Nikasoma tena. Sabini na moja.

Akauliza ngapi. Nikasema sitini na tano.

Sijui ilitoka wapi. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu leo ulikuwa na miguu. Milimita sita tu. Urefu wa sisimizi mdogo. Nilingoja aombe kuiona rula mwenyewe. Hakuomba. Alinipiga bega akasema basi tuchukue Ya Betri, kama Msomi, yaani mimi, amesema nani abishe.

Wahenga wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amezaliwa kabla ya baba yake.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeinunua.

Muuzaji alituuliza kama tumepima macho, kwa sababu utepe wa boksi ukishakatwa mzigo haurudi. Kamanda akaninyooshea mkono mzima, kama mtu anayeonyesha shamba lake. Akasema huyu kanipima mwenyewe, huyu ana kichwa. Nikatazama viatu vyangu. Vinahitaji kushonwa.

Jioni, kwetu, nikatangulia kuvaa. Jamani, mwezi! Kimya chake! Nilipiga magoti kuokota jiwe, nikashika kandambili ya Dada. Sikujali. Nimeishi miaka kumi na sita nikingoja mahali kama pale.

Kisha zamu ya Kamanda. Akawasha ndege yake. Akasema rubani msaidizi yuko wapi, mbona kuna usukani wa pili? Akasema viwanja viko viwili, atue kipi? Akajaribu kutua katikati. Halafu akavua miwani na kutapika juu ya sare nyeupe ya Dada iliyokuwa imepigwa pasi muda huohuo.

Dada anasomea uuguzi. Alisema chuoni wamefundishwa kutarajia hayo kwa wagonjwa, si kwa wageni wa mdogo wake. Kamanda aliomba radhi mpaka akamwomba radhi na meza ya pasi. Mimi nilifua sare. Niliisugua kuliko ilivyohitaji.

Jumapili, 9 Machi

Mpango: kumponya Kamanda bila kusema ukweli.

Nilikaza mikanda. Nikapunguza mwanga. Nikamtafunisha tangawizi, nikamkalisha mbele ya feni ili apate upepo wa angani. Niliweka na ndoo. Haya ni maendeleo.

Ndoo ilitumika.

Baadaye alikaa kitandani kwangu, mikono katikati ya magoti. Sikuwahi kumwona Kamanda akiwa mdogo. Akaniuliza, Msomi, hivi rubani gani anatapika akiwa amekalia godoro? Akasema afadhali amejua mapema, kabla hajapewa ndege yenye watu.

Hapo ndipo palikuwa mahali pake. Maneno nilikuwa nayo, matatu tu: nilikudanganya rafiki yangu. Mdomo ukafunguka. Nikasema nitaangalia kama programu inahitaji kusasishwa.

Haikuhitaji.

Jumatatu, 10 Machi

Vibaya kuliko vibaya.

Jumamosi mwalimu wa jiografia anapeleka wanafunzi wawili kwenye kiwanja kidogo cha ndege. Watakaa kwenye kiti cha rubani na kuongea na wakufunzi. Nafasi moja ilikuwa ya Kamanda tangu muhula uliopita. Aliiomba kila wiki mpaka mwalimu akawa anabadili njia akimwona.

Leo alisimama mbele ya darasa zima akasema jina lake lifutwe. Mwalimu akashangaa, akauliza sasa aende nani. Kamanda akanionyesha mimi. Akasema apewe Msomi, ana macho mazuri, mwezi anauona mmoja.

Nilisimama kukataa. Nyuso zote zikanigeukia. Nikasema asante.

Asante!

Jumatano, 12 Machi

Mama yake Kamanda, aliposikia habari za ndoo, alimpeleka kwa mpima macho. Leo Kamanda alikuja mbio kutoka getini, tai begani. Macho yake ni mazima! Makali kama ya mwewe! Mpimaji kasema yameachana tu kuliko ya wengi, sabini na moja, na miwani ile haikuwa saizi yake. Ndege haina neno naye.

Nilifurahi kweli. Naapa nilifurahi, kwa muda wa pumzi moja.

Kisha akauliza sisi tulipataje sitini na tano. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anavyoniuliza hesabu zikimshinda, akiwa na hakika kuna maelezo. Basi nikampa maelezo. Nikasema macho ya vijana wa umri wetu hukua. Kwa kasi.

Alifurahi mno kusikia anakua.

Akakimbilia kwa mwalimu kurudishiwa nafasi yake. Mwalimu akasema majina yameshapelekwa kiwanjani na walinzi wanayo, hakuna kubadilisha. Kamanda akasema haidhuru, Msomi atanisimulia. Sikula usiku huu. Mama kanigusa paji la uso, hakuna homa.

Alhamisi, 13 Machi

Somo la biolojia. Mwalimu akauliza nani ana swali. Kamanda mkono juu! Je, macho ya mtu yanaweza kuachana milimita sita kwa wiki moja?

Mwalimu akavua miwani yake, akaifuta, akasema yanaweza, endapo kichwa kimekanyagwa na lori. Darasa likaangua kicheko. Kamanda naye akacheka. Kisha akaacha, kabla ya wengine wote.

Hakunitazama mpaka kengele ilipolia. Halafu aliniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, ile namba niliisoma vibaya au niliisema vibaya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema rula ilikuwa ya zamani.

Akatikisa kichwa polepole. Akasema ungeniambia tu, Msomi, kwamba unataka ikae kwenu. Ningesema sawa. Akabeba mkoba wake, akahamia dawati la Spika. Spika ni yule wa dirishani anayeongea kama mnada wa mitumba. Kamanda alikuwa akisema hawezi kukaa naye hata dakika moja.

Angesema sawa. Hilo ndilo linaloniuma. Nimeiba kitu nilichokuwa ninapewa.

Jumamosi, 15 Machi

Nimekalia kiti cha rubani. Kiti cha ngozi, kimechanika pembeni. Mkufunzi alieleza kila kitufe, akaniuliza nina swali gani. Kamanda angekuwa nayo mia. Mimi niliuliza choo kiko wapi.

Nilijitahidi kukariri kila kitu ili nimsimulie. Kwenye basi la kurudi nikakumbuka kwamba hatuzungumzi.

Jioni nilivaa miwani, nikaenda mwezini. Kimya. Nilikaa juu ya jiwe mpaka betri ikaisha. Kumbe kimya kizuri ni kile ambacho chumba cha pili kuna mtu anapiga kelele.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeamka mtu mpya! Nimetubu. Uongo sitaki hata kuusikia. Na toba bila kitendo ni upepo, kwa hiyo nina mpango.

Nitaiuza Ya Betri. Kwa fedha hizo, pamoja na nitakazopata kwa kuosha magari, nitanunua Ya Waya na kuipeleka kwa akina Kamanda mwenyewe. Nitaanza salamu getini. Bibi, babu, shangazi wote wawili, na mtoto nitambeba. Kamanda ataruka angani na uwanja atauona mmoja. Nimelengwalengwa na machozi nikiyawaza haya.

Mnunuzi nimeshampata: Spika. Anaitaka sana. Saa nne tulikutana nyuma ya maabara ili tupime macho yake kwanza, maana sasa mimi ni mtu wa kufuata utaratibu. Akatoa mfukoni rula yake mwenyewe, mpya, bado imo kwenye nailoni. Akasema Kamanda kamwambia aje nayo, na namba aisome yeye mwenyewe kwenye kioo cha dirisha. Iliniuma. Mtu ametubu tangu alfajiri na bado haaminiki!

Sikubishana. Nilimtazama usoni na kuona mara moja kwamba huyu ni sabini bila shaka. Nikawaza getini kwa akina Kamanda. Nikawaza bibi akiuliza masomo. Jambo jema kama hili lisikwame kwa sababu ya uso wa Spika.

Kwa hiyo nilimwelekeza, kwa upole, kwamba wataalamu hawaanzii kupima kwenye sifuri. Wanaanzia kwenye ukingo wa plastiki, pale kabla ya mistari.

Akasoma mwenyewe, kwa sauti kubwa: sitini na tano. Fedha analeta kesho.